Mkono wa Mwisho kwenye Ubao

Jumamosi, 11 Oktoba 1997

Kofia nayo ameiuza. Nimerudi kutoka kuchota maji nikakuta Nathaniel anamvalisha Odoyo, yule fundi mwashi, anamgonga kichwani na kipande cha bomba, anamwambia hata tofali likidondoka kutoka ghorofani wewe unaendelea tu kupiga lipu. Odoyo anacheka. Ameondoka nayo. Kofia nyekundu, ngumu, ndani ina sponji, mkanda wa kidevuni mzima kabisa. Mimi nimesimama na ndoo zangu. Nilitaka kusema vitu vya mfuko mmoja haviachanishwi, mbona baiskeli huwezi kuuza pedeli moja. Nimesema moyoni. Moyoni nasemaga sana.

Ule mfuko ulitoka kwenye belo la mitumba. Nathaniel ana meza sokoni Makoroboi. Siku hizi kila aliyepunguzwa kazi anauza mitumba, lakini yeye ukimwita muuza mitumba anakasirika, anataka aitwe mfanyabiashara. Amefungua belo akakuta mfuko mrefu mweusi, ndani kuna ubao. Ubao umepinda juu huku na huku kama mtumbwi, mgongoni unakwaruza kama msasa, una mikanda miwili ya kuingiza miguu, na chini magurudumu manne ya upepo, kama ya toroli ila madogo. Una breki pia, kebo ndefu yenye mkono wa kushika. Pamoja na huo ubao kulikuwa na kofia, kinga za magoti, kinga za viganja zenye plastiki ngumu, na kamba fupi yenye kitanzi.

Akaleta hapa gereji kuuliza ni kitu gani. Gereji ni ya mzee Luhaga, baiskeli na mikokoteni, hapa Kirumba ukishuka kwenda soko la samaki la Mwaloni. Mzee akauzungusha, akasema ni mkokoteni wa mtoto wa kizungu, umekosa boksi. Ogweno, anayesukuma mkokoteni wa samaki, akasema hapana, ni machela ya maiti mfupi. Watu wakacheka sana. Nikapewa mimi nisafishe, maana mimi, kwa kutoongea sana, ndiye bubu wao, na bubu haulizi.

Ile kamba fupi imeondoka leo pia. Ogweno kaomba, kafungia mbuzi.

Jumatatu, 13 Oktoba

Mvua. Pancha tu.

Jumatano, 15 Oktoba

Kinga za viganja zimekwenda Sengerema. Kuna mzee alikuwa anasubiri feri, mikono inamuuma, Nathaniel akamwambia hizi ni dawa ya baridi yabisi, wazungu wanalala nazo. Mzee wa watu akamwombea baraka. Nimepandwa na hasira mpaka spana ikaniponyoka.

Nilikuwa nimeziangalia vizuri kabla hazijaondoka. Pale chini ya kiganja plastiki ilikwaruzika mpaka ikawa nyeupe. Za magoti, ya kushoto imelika kuliko ya kulia. Kwa hiyo mwenye ubao akianguka alikuwa anatanguliza mikono, halafu goti la kushoto. Kila mara hivyo hivyo. Ameanguka sana huyo mtu, ila plastiki ndiyo iliyoumia. Nikaenda kuziangalia tena za magoti, nikakuta hazipo. Kampa golikipa wa timu ya Mwaloni.

Mzee Luhaga naye leo ameushughulikia ubao. Chini kuna ekseli mbili, mbele na nyuma. Kila moja imekalia mpira mnene, imebanwa na bolti moja kubwa. Ukikandamiza ubao upande mmoja, ekseli inapinda. Mzee hapendi hiyo. Tangu nije kwake nilipoacha shule darasa la nne, somo lake ni moja, kinachocheza kinakufa. Habu ya gurudumu ikicheza, kaza. Usukani ukicheza, kaza. Kachukua spana ndefu akakaza mpaka mpira ukafura pembeni. Kisha kajaza upepo mpaka ukipiga gurudumu kwa kidole linalia kama ngoma, maana mkokoteni ndivyo unavyotakiwa, gurudumu gumu mzigo mwepesi. Ubao ukatulia kama meza. Akasema sasa hiki ni kitu.

Na mimi nikaona ni kitu.

Jumapili, 19 Oktoba

Kija kaja gereji kuniletea chakula. Ni mdogo wangu wa kike, ananifuata. Kamaliza la saba, hakuchaguliwa. Kauona ubao, kavua kandambili, kaingiza miguu kwenye mikanda, na kabla sijameza tonge akawa anashuka kile kimteremko cha mbele ya gereji. Amesimama wima, mikono inaning'inia tu. Sisi wote tuliojaribu wiki hii tulianguka hata kabla ya kuondoka. Yeye kaenda mpaka chini. Shida ni kupinda, hakupinda. Kaingia na ubao wake kwenye dagaa za mama mmoja zilizoanikwa, na yule mama kamtukana kwa Kijita mpaka Ogweno akaziba masikio.

Kija alirudi anacheka, nywele zina dagaa.

Nathaniel alikuwepo. Nimeliona jicho lake. Ni lile la kupima belo kabla halijafunguliwa.

Ijumaa, 24 Oktoba

Amekuja na mtu wa sabuni. Kuna sabuni mpya ya unga inaingia Mwanza, wanataka watu waione. Wamepanga sikukuu ya Uhuru, Kija ashuke na ubao kutoka juu kwenye mawe ya Kitangiri, kwetu, mpaka barabarani, amevaa nguo nyeupe tupu, kuna spika na ngoma. Jamaa wa sabuni anaongea haraka, kila baada ya maneno mawili anasema soko huria. Kija kakubali kabla sijafungua mdomo. Na hata ningepewa mpaka jioni nisingefungua.

Nyumbani mama amesikiliza huku anapanga mapanki, mifupa ya sangara ya kiwandani, ayakaange. Akasema, "Tangu lini kuteremka kukawa kazi? Kazi ni kupanda."

Kija akamjibu, "Mayo, kupanda nimepanda tangu nina meno ya utoto, na ndoo kichwani, hakuna aliyegeuka kuniangalia. Ngoja niteremke waangalie."

Mama akarudi kwenye mapanki yake.

Jumatano, 29 Oktoba

Mvua. Redioni wanasema ni El Nino, na kwamba bado haijaanza hasa.

Jumamosi, 8 Novemba

Kija ameanguka.

Nathaniel alitaka majaribio palepale patakapofanyika onyesho. Njia ile ni ya changarawe, Kija anaijua kwa nyayo, ndiyo njia yetu ya kuchota maji. Mvua ilikuwa imekatika kidogo tu. Asubuhi nilimwona mzee Luhaga anakaza tena zile bolti na kuongeza upepo. Kija kaingiza miguu, kanikonyeza, kaondoka.

Mwanzo vizuri. Halafu kuna jabali lililopasuka katikati, pale njia inakata kushoto. Nikamwona anajilaza kushoto, mwili wote, kama mtu anayeegemea ukuta. Ubao haukusikia. Ulikwenda mbele tu kama ng'ombe aliyeumwa na nyuki. Gurudumu la mbele likapiga jiwe, na kwa ugumu ule halikulimeza jiwe, likarushwa juu. Kija akaruka nalo. Akatanguliza mikono. Halafu goti la kushoto.

Mikono, halafu goti la kushoto. Nilikuwa nimeshaliona anguko hili kwenye plastiki, wiki kadhaa kabla halijatokea, na sikusema.

Nathaniel ndiye aliyefika wa kwanza. Kitu cha kwanza kuinua ni ubao. Kaugeuza chini juu, kazungusha magurudumu moja moja kwa kidole, kaona ni mazima, ndipo akamgeukia Kija amelala kwenye changarawe na kusema pole. Mzee Luhaga kasema msichana kaegemea vibaya. Kaegemea vibaya! Mimi nilikuwa nimesimama hapo, nimemwona, hakuna mtu aliyewahi kuegemea vizuri kuliko vile.

Nimembeba mpaka hospitali. Kifundo cha mkono wa kulia kimevunjika, wamefunga plasta mpaka karibu na kiwiko. Hakulia. Njiani kurudi aliniuliza, "Kaka, nimekosea wapi?"

Nimemwambia sijui. Ni kweli sikujua, lakini nitajua. Nimepita gereji nikauchukua ubao. Sikumuomba mtu.

Jumatatu, 10 Novemba

Nauficha nyuma ya nyumba, chini ya mabati. Asubuhi kabla ya kazi naushusha kwenye njia ya maji.

Nimelegeza bolti ya mbele nusu mzunguko. Nikapanda. Ukageuka kidogo. Nikalegeza ya nyuma. Nikaegemea kushoto, ukaenda kushoto. Nikaegemea kulia, ukaenda kulia, na mimi nikaenda kwenye miiba. Lakini ulikwenda! Nimekaa kwenye miiba nikicheka peke yangu kama kichaa.

Huu ubao hauna usukani. Usukani ni kule kucheza. Ule mpira mnene chini ni wa kubonyea, ukiubana usibonyee umeufunga ubao macho. Mzee Luhaga aliukaza kwa sababu maisha yake yote kinachocheza kimekuwa ugonjwa. Sikumlaumu leo. Ni kosa la mtu wa mkokoteni, na mimi ni mtu wa mkokoteni, nililiona likifanyika nikalisifia.

Jumanne, 11 Novemba

Nimepunguza upepo mpaka kidole gumba kinazama kidogo. Sasa magurudumu yanameza mawe.

Alhamisi, 13 Novemba

Leo nimeanguka, ubao ukaniacha, ukateremka peke yake mpaka barabarani, ukapita karibu na mama mwenye beseni la samaki, ukakaribia kumkata miguu. Kwa hiyo ile kamba fupi ni ya mguuni. Ukianguka ubao usikukimbie ukaenda kuua mtu. Na imefungiwa mbuzi.

Mikanda ya miguu usiifunge sana. Mguu ushike, ila ukitaka kutoka utoke. Breki inakamata magurudumu ya nyuma tu, uivute polepole kama unayekamua ng'ombe, ukiivuta ghafla nyuma inakupita. Nimejifunza kwa makalio.

Jumatatu, 17 Novemba

Mzee Luhaga kauliza ubao uko wapi. Nimeurudisha. Kausukuma kwa mguu, ukacheza. Akaniangalia. Akachukua spana ndefu.

Jumanne, 18 Novemba

Asubuhi nimelegeza.

Jioni amekaza.

Jumatano, 19 Novemba

Asubuhi nimelegeza. Jioni amekaza. Ogweno anatuangalia, anasema hii gereji imekuwa na mume na mke waliokosana.

Ijumaa, 28 Novemba

Ziwa limepanda. Mwaloni maji yamefika kwenye meza za samaki, watu wanauza wamekunja suruali. Barabara ya huku inakatika. Wamekuja watu na ndoo ya rangi nyekundu, wameweka alama ya kubomolewa kwenye vibanda vyote vya kandokando, na chetu pia. Mzee Luhaga kasimama anaiangalia ile alama muda mrefu. Yupo hapa tangu enzi za foleni za sukari. Nilitaka kumpa pole. Nimempa kiti.

Asubuhi nililegeza. Jioni amekaza, hata leo, na alama ya rangi mbichi ukutani nyuma yake.

Jumanne, 9 Desemba

Uhuru. Mvua imenyesha kama inamwagwa na karai. Hakuna onyesho. Wamesogeza mpaka Jumamosi ya tarehe ishirini. Bora. Kija bado ana plasta, na yeye analia kwa hasira kwamba hawakumsubiri apone wala hawakumwuliza, wangemshusha na plasta yake, nayo nyeupe.

Jumamosi, 20 Desemba

Mvua. Wamesogeza tena.

Jumatatu, 22 Desemba

Plasta imetoka tangu Ijumaa. Mkono umekuwa mwembamba kama wa mtu mwingine. Kanikunjia ngumi kunionyesha, ikakunjika nusu. Kasema inatosha kushika breki. Asubuhi nimeutoa ubao gereji, nimempeleka kwenye njia ya maji nikampandisha, ubao ukiwa kama nilivyoulegeza mimi. Sikumweleza kitu. Kafika kwenye jabali, kaegemea kidogo tu, kama anayemkwepa mtu njiani, ukapinda. Kapinda tena, kapinda tena, kapotea kwenye kona nikabaki nasikia changarawe tu.

Alipopanda na ubao kichwani, badala ya ndoo, aliutua taratibu mbele yangu. Halafu akasema, "Kumbe sikukosea."

Ningeweza kulia. Nikamwambia vaa kandambili, tunachelewa.

Jumamosi, 27 Desemba

Mvua. Wamesogeza mpaka tarehe tatu.

Jumatatu, 29 Desemba

Naandika leo yote, hata mkono ukifa ganzi.

Nilikuwa chini ya mkokoteni wa Ogweno natoa beringi. Walipoingia hawakuniona, au waliniona. Bubu chini ya mkokoteni ni sehemu ya mkokoteni. Nathaniel, jamaa wa sabuni, na mzee Luhaga.

Jamaa wa sabuni anasema alipita Kitangiri asubuhi akamwona msichana anajizoeza, anashuka kama maji, hadondoki. Hajafurahi. Anasema yeye hauzi baiskeli, anauza sabuni. Watu wamekuja kuona nguo nyeupe. Ikitoka juu nyeupe ikafika chini nyeupe, sabuni yake imefanya nini? Anataka ianguke kwenye lile tope la chini, ichafuke mbele ya watu wote, halafu palepale kuna beseni, inafuliwa, inatoka nyeupe, watu wanapiga makofi. Anasema "ianguke" kama vile ni nguo peke yake inayoshuka.

Nathaniel akacheka. Akasema hilo ni dogo. Akamgeukia mzee Luhaga. "Mzee, siku ile ulipokaza, ubao haukugeuka, si ndiyo? Basi kaza hivyohivyo. Tope haliui mtu."

Nilisubiri. Nilikuwa na beringi mkononi, grisi inadondoka machoni, sikuifuta. Nilimsubiri mzee wangu aseme neno moja. Mtu huyu alinipa spana nikiwa sijui hata kuandika jina langu vizuri. Akasema, "Na ile rangi nyekundu?"

Nathaniel akasema rangi inafutika, yeye anawajua wenye ndoo.

Mzee akasema, "Nitakaza."

Kwa hiyo alijua. Sijui tangu lini, labda tangu siku ile Kija alipovunjika mkono na yeye akasema kaegemea vibaya. Labda jioni zile zote nilipokuwa nikidhani ananifundisha, alikuwa anafanya mazoezi. Nilidhani ni mzee aliyezoea kukaza. Kumbe mtu anaweza kufanya kosa kwa mazoea mwezi wa kumi na akalifanya lilelile kwa makusudi mwezi wa kumi na mbili, na spana haioni tofauti.

Tope haliui. Chini ya lile tope kuna nini? Mimi nimezaliwa pale. Chini ya tope kuna jiwe. Mwanza yote chini yake ni jiwe! Na mkono wa Kija unakunjika nusu tu, na kofia yake iko kichwani kwa mtu anayepiga lipu.

Walipoondoka nikatoka. Mzee aliniona. Nilimwambia, "Shikamoo." Tulishasalimiana asubuhi. Ndilo neno lililotoka. Akaitikia marahaba, akageuka kutafuta kitu ambacho hakikupotea.

Jumanne, 30 Desemba

Nimemwambia Kija. Nimemwambia yote, nimeongea kuliko nilivyoongea mwaka mzima, nimechanganya mwanzo na mwisho. Akanisikiliza mpaka nikamaliza. Akasema, "Wewe kaka tangu zamani hutaki niende. Unataka nibebe ndoo mpaka nizeeke, ndiyo utatulia."

Nimetoka nje nimepiga bati ngumi. Sasa na mimi mkono umevimba, tumekuwa wawili.

Jumatano, 31 Desemba

Haya. Asiponiamini atashuka, na akishuka nataka awe amevaa kinga.

Nimekwenda kwa Odoyo kwenye jengo lake. Amevaa kofia, imejaa saruji kavu. Nimesimama mbele yake mpaka akachoka kuangaliwa, akauliza, "Bubu, unataka nini?" Nikamwambia kofia, ya Kija, Jumamosi. Akaivua akaipangusa. Alionyesha alama juu yake, kasema tofali kweli lilimdondokea wiki mbili zilizopita, akaendelea kupiga lipu kama Nathaniel alivyosema, ndilo neno pekee la kweli alilowahi kusema yule. Kanipa. Anaitaka Jumatatu, ana zege.

Golikipa kinga ya goti la kulia imeibwa uwanjani, amebaki na moja anaitumia kama mto. Ni ya kushoto. Nimeichukua, sikuhitaji nyingine.

Kwa Ogweno nilikuta mbuzi wameshamla Krismasi. Kamba iko ukutani. Kaniangalia, hakutania. Akasema anajua ya kwangu, Kirumba nzima inajua, na walioweka dau kwamba ataanguka ni wengi kuliko walioweka atafika. Nikamuuliza yeye kaweka wapi. Akasema, "Mimi nimeweka kwa mtu anayelegeza asubuhi."

Alhamisi, 1 Januari 1998

Za viganja nimezitengeneza mwenyewe. Mpira wa tyubu ya baiskeli, na ndani vipande vya dumu gumu la mafuta nimevipasha moto nikavikunja kufuata kiganja. Mbaya kwa macho. Nimezijaribu kwa kujitupa chini uani mara kadhaa, mama akauliza kama pombe ya mwaka mpya imenipata. Viganja vizima.

Ijumaa, 2 Januari

Mvua mpaka mchana, halafu jua.

Jioni Kija amekuja kukaa kwenye jiwe nilipokuwa nimekaa. Ameleta ile nguo nyeupe, wamempa leo, gauni zito lenye jina la sabuni mgongoni. Akaniambia alipokwenda kuichukua alimuuliza Nathaniel, kwa utani tu, je nisipoanguka? Nathaniel kacheka akamshika bega, akamwambia usijali, utaanguka tu, mzee Luhaga ni fundi mzuri.

Ziwa lilikuwa limetulia, hata sijui mara ya mwisho limetulia lini. Nikamwambia basi usiende. Huo ndio ulikuwa ushauri wangu wote.

Akasema, "Nisipokwenda watampandisha mwingine, hata njia haijui. Na mimi nitakuwa yule aliyeogopa." Akanyoosha mkono wake mwembamba nimfunge kinga. Nikamfunga. Kaufungua na kuukunja, kautazama. "Kaka, mimi nataka nifike chini na hii nguo nyeupe. Nyeupe hivihivi. Wafue hewa."

Tumecheka mpaka mama akachungulia.

Jumamosi, 3 Januari

Asubuhi. Hakuna wingu hata moja, leo hakuna wa kutuokoa.

Ubao uko kwa mzee Luhaga. Nilipita alfajiri kuulegeza nikakuta kibanda kimefungwa na ubao umeshapakiwa kwenye pikapu ya sabuni, mzee amekaa nyuma nao, spana ndefu iko mapajani. Alama nyekundu imefutwa, ukuta una doa la mafuta ya taa tu. Ameniangalia, nimemwangalia. Sikumsalimia. Ni mara ya kwanza maishani kumpita mzee bila shikamoo. Gereji sirudi tena, hilo limeisha, hata sina haja ya kuliaga.

Nimerudi nyumbani kuchukua vitu. Kija ameshatangulia juu na mama, mama naye kaenda, kabeba ndoo ya maji kana kwamba leo pia ni siku ya maji. Kofia ninayo, goti la kushoto ninalo, kamba ninayo. Spana ninayo, fupi, ya kwangu. Kule chini barabarani nasikia spika zimeanza, wanataja jina la Kija.

Pikapu haipandi ile njia kupita jabali lililopasuka, lazima wasimame hapo na kuubeba ubao kwa mikono mpaka juu. Mzee ana magoti mabovu, atapumzika njiani. Mimi njia ya maji naijua hata gizani. Nitafika juu kabla yake, nitakaa pale pale Kija anapoingiza miguu, na mzee akishakaza mbele ya watu wote nitalegeza mbele ya watu wote. Akikaza tena nitalegeza tena. Wakiniuliza nitasema, kwa sauti, na spika zao zinisikie, ni kwa nini.

Naondoka sasa. Atakayeugusa ubao huo mwisho ndiye atakayeamua Kija anafika vipi chini, na lazima uwe mkono wangu.